Marehemu Galal Hataki Kufutwa

Saa nne asubuhi Rabab alifuta jina la marehemu Galal, akaenda kuchukua chai, na aliporudi akalikuta limeketi pale pale. Akalifuta tena. Likarudi kabla chai haijapoa.

Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo ofisi yao ya bima pale Aleksandria huwa tupu, na ndiyo siku pekee ya kuhamishia saraka kwenye seva mpya bila watu kulalamika. Saraka ndilo daftari la majina: nani mfanyakazi, mlango upi humfungukia, faili lipi anaruhusiwa kusoma. Nakala moja ilikaa hapa, ya pili tawi la Damanhur kwa Wagdi, mtunzaji wa kule, na kilichoandikwa huku hunakiliwa kule. Galal alizitunza miaka kumi na minane mpaka alipofariki. Rabab ndiye aliyerithi kiti.

Simu ikalia. Alikuwa Hajj Sabri, mkuu wao.

"Binti yangu, huyu marehemu anafungua mafaili ya wafanyakazi tangu asubuhi. Taarifa zinaniingilia kwenye simu."

"Hajj, wallahi si mimi."

"Nywila ya kufufua jina mnayo wawili tu, wewe na Wagdi. Nikitoka sala ya alasiri nilikute limeondoka. La sivyo, Jumapili tukifungua ofisi usije kazini."

Rabab hakuwa na shaka ni nani. Wagdi alikimezea mate kiti kile hata kabla ya matanga kwisha. Akampigia.

"Acha michezo yako na jina la marehemu, Wagdi."

"Michezo gani? Nimekaa nakula taamia zangu."

"Unataka kiti changu."

"Kiti cha marehemu? Kaa nacho, dada, kikuzeeshe." Akatafuna kidogo. "Hebu niambie, seva ya zamani uliiaga kabla ya kuizima?"

Rabab akautazama waya uliolala sakafuni. Seva huagwa: huambiwa imepumzishwa, mwenzake akasikia, ndipo ikazimwa, la sivyo mwenzake huendelea kurudisha majina yake. Yeye alichomoa waya tu, akiwahi kumaliza. Galal hakuzima hata taa bila kusema "dastur", kama tunavyosema sote tukimwaga maji ya moto kwenye mtaro, ili majini wanaoishi humo wasogee. Rabab alimcheka sana kwa hilo, na sasa aliona aibu.

"Niliiaga," akadanganya, akakata simu.

Hapo ndipo aliposikia harufu ya uwatu uliochemshwa, kinywaji cha Galal cha kila siku, hafifu kwanza, halafu nzito kana kwamba sufuria iko chini ya meza, na nyuma yake ile seva ya zamani, ambayo waya wake ulikuwa umelala sakafuni mbele ya macho yake, ikaanza kuvuma, taratibu, kama mtu anayepumua kwa kifua kibovu, na kwenye skrini jina la Galal likawa linafungua faili moja baada ya jingine mpaka likafika kwenye faili lake yeye, Rabab, likatulia hapo, halisogei.

Alisukuma kiti nyuma. Akapiga magoti, akauchomeka waya.

"Dastur, wenye mahali," akanong'ona. "Nisameheni. Sogeeni kwa amani."

Akaiaga seva hatua kwa hatua kama ilivyotakiwa, kisha akaizima. Mvumo ukakoma. Jina likafutika na halikurudi. Alilia kwa furaha.

Baada ya alasiri Hajj alipiga. "Umenifurahisha, binti yangu. Lilikuwa nini?"

Kabla hajajibu, Wagdi akaita kwenye laini ya pili. Rabab akamwomba Hajj asubiri kidogo.

"Rabab," Wagdi alinong'ona, "hapa kunanuka uwatu. Jina limehamia kwangu. Kadi yangu haifungui mlango, na kuna mtu anavuma nyuma yangu. Kwako lilianza hivi? Ulifanya nini? Niambie, dada yangu, nakuomba!"

Akamrudia Hajj. Kumsaidia Wagdi kulitaka akiri kuhusu ule waya.

"Naona taarifa sasa zinatoka Damanhur," Hajj alisema kwa hasira. "Kumbe ni Wagdi siku zote?"

Rabab alitazama kiti alichokalia.

"Sijui, Hajj. Kwangu kumetulia."

Akaikata laini ya pili, Wagdi akiwa bado anamwita.