Sauti ya Pili Kwenye Kanda

Jioni ile fundi alikuwa na kazi moja tu: kuhamishia kwenye kompyuta albamu iliyorekodiwa kwenye kanda miaka thelathini nyuma, ili iwekwe mtandaoni. Kazi ya saa mbili, tena ya kukaa. Binti yake wa miaka sita, ambaye nyumbani aliitwa Kibogoyo tangu meno ya mbele yamtoke, alikuwa chini ya meza akichora, maana mama yake alikuwa zamu.

Mteja aliketi karibu na mlango wa studio. Alikuwa binti wa marehemu mwanamuziki mwenye albamu hiyo, mtu mzima sasa, na tangu aingie alikuwa akinong'ona.

"Koo," alisema, akijigusa shingo. "Homa ya utotoni."

Fundi alimpa pole, lakini moyo wake haukutulia. Habari za baba mtu alikuwa ameshazisikia. Alijirekodi mwenyewe sebuleni, akauza kaseti zake mkononi, kisha wiki ya tatu akazunguka nyumba kwa nyumba akizikusanya, akazichoma moto zote, ikabaki kanda hii ya asili tu. Mtu gani anachoma jasho lake?

"Kwa nini alizichoma?"

"Hazikupendwa, kaka."

Uongo, fundi aliwaza. Kazi isiyopendwa huachwa ipate vumbi. Haichomwi.

Akawasha maiki. Ilikuwa desturi yake kutamka namba ya wimbo kabla haujaanza, faili zisije zikachanganyika. "Wimbo wa kwanza," alisema, akabonyeza. Kanda ikazunguka.

Gitaa. Sauti ya mwanamume, nzuri, yenye uchovu kidogo. Na nyuma yake...

Mtoto.

Mtoto wa kike alikuwa akiimba kwa mbali, kama aliye chumba cha pili. Studio ikaanza kunuka dawa ya kuchulia kifua, ile wanayopakwa wagonjwa wa mafua.

"Nani huyo?"

"Baba aliimba peke yake."

"Dada, nakuuliza mtoto."

Mteja alitazama sakafu. "Endelea tu."

Wimbo wa pili ukapita hivyo hivyo. Fundi akatamka namba ya tatu, na kwa kuwa macho yake yalikuwa kwa yule mwanamke, akasahau kuzima maiki.

Ndipo Kibogoyo alipotoka chini ya meza akiimba.

Aliimba maneno yote, mbele ya maiki, kwa kile kifilimbi kinachomtoka penye pengo kila akitamka neno lenye s. Fundi alitabasamu. Kisha tabasamu likamkauka. Wimbo ule mtoto hakuwahi kuusikia, na alikuwa akiyatamka maneno kabla mwimbaji hajayafikia.

"Mama, nyamaza," alimwambia binti yake.

"Mwache," mteja alinong'ona. Alikuwa amesimama.

Wimbo ukaisha.

Taa ya maiki ilikuwa bado nyekundu.

"Asante, fundi."

Haukuwa mnong'ono tena. Ilikuwa sauti nyembamba, safi, ya mtoto wa miaka sita, na ilitoka kwenye kinywa cha yule mtu mzima.

Fundi akamgeukia binti yake. "Sema kitu, mama. Sema baba."

Kibogoyo akafungua mdomo.

Pumzi tu.

Fundi alishika boksi la kanda. Juu yake palikuwa na karatasi mpya yenye jina la albamu, gundi haijakauka vizuri. Akaibandua. Chini yake, kwa wino uliofifia, mwanamuziki alikuwa ameandika: *Isipigwe penye mtoto.*

"Ulijua."

"Nilikuwa na miaka sita," alisema mwanamke kwa ile sauti yake ndogo, machozi yakimtiririka. "Niliimba na baba mara moja tu. Kanda haikai tupu. Inamwachia mmoja ikishika mwingine. Kwa nini iko hivyo, baba mwenyewe alikufa hajui."

Fundi akanyoosha mkono kufuta faili.

"Ukifuta, umemfuta na yeye," alisema, akatoka. Koridoni alisikika akiimba.

Fundi akaisikiliza faili upya. Mtoto wa zamani hakuwemo. Aliyekuwemo alikuwa na kifilimbi.

Alimpakata binti yake, akamchukia yule mwanamke kwa roho yake yote. Ila kilichomtisha ni jinsi alivyomwelewa haraka. Ukurasa wa kupakia ulikuwa tayari, ule ambako watu hujirekodi wakiimba pamoja na wimbo. Mtoto mmoja tu, alijiambia. Wa mbali huko, nisiyemjua.

Akaandika: *Nyimbo tamu za zamani. Waacheni watoto waimbe nazo.*

Akabonyeza.

Nje kulikuwa hakujaingia giza bado. Walikaa hivyo hivyo kwenye kiti kimoja, wakitazama skrini. Walioimba: mmoja. Kisha wanne. Kisha kumi na saba.

Kibogoyo akakohoa.

"Baba, nasikia njaa. Twende sasa."

Fundi alimkumbatia akilia kwa furaha. Kisha akatulia. Akamwomba arudie, na mtoto akarudia, vizuri tu, kwa utii.

Hakukuwa na kifilimbi hata kwenye 'sasa', kama vile anayesema ni mtoto wa mbali huko, asiyemjua. Fundi akamfungua mdomo kwa kidole, taratibu, akatazama. Pengo lilikuwa pale pale.