Pumzi Ndani ya Tyubu

Pancha ya tatu ilimkuta Spoki kilomita themanini kutoka nyumbani, kwenye kijia cha mawe ambako hata mbuzi angeomba lifti. Viraka vilikuwa vimekwisha. Dada yake, muuguzi aliyetoa siku yake ya mapumziko kuzunguka naye porini kwa baiskeli, alikaa kwenye jiwe akimtazama.

"Fundi baiskeli mzima unaishiwa viraka! Ungekuwa daktari ungetumaliza."

"Nionee huruma, dada. Tyubu nitapata."

Akaipata. Mbele kidogo palikuwa na baiskeli kuukuu iliyofungwa mnyororo mwambani na kupakwa chokaa, kama waendesha baiskeli wa njia zile wanavyofanya mahali alipofia mwenzao. Kutu ilikuwa imetoboa fremu. Lakini tairi la nyuma lilikuwa limejaa upepo, gumu, na lina joto kama paji la mgonjwa.

"Ya marehemu hiyo, usiiguse," dada alinong'ona. Hakujua kwa nini ananong'ona saa sita mchana.

"Marehemu haendi popote leo."

Alifungua valvu. Upepo ulitoka na harufu ya nyama iliyooza, ukatoka muda mrefu kuliko tairi linavyoweza kubeba. Kisha Spoki akaichomoa tyubu, akafanya alichofanya kila siku kwenye kibanda chake cha ufundi: aliweka mdomo kwenye valvu apulize kidogo, tyubu ikae vizuri kabla ya kuvalishwa. Tyubu haikujaa. Kilichojaa ni mashavu yake, halafu shingo.

"Spoki?"

Alifunga tairi, akapiga pampu, akapanda, akashuka mteremko bila kugusa breki. Dada alimfuata akipiga kelele, na alipomkaribia kwenye kona aliona damu ikimtoka mdogo wake puani na miguu ikikanyaga pedali kwa kasi ambayo magoti ya binadamu hayaiwezi, akasikia kicheko cha mzee kikitoka kifuani mwake, na kabla hajapata la kusema mkono ukanyooka nyuma ukamshika nywele, ukamng'oa juu ya baiskeli yake, ukamburuta kwenye kokoto mpaka goti likafunguka akauona mfupa.

Dada alichomoa pampu kiunoni mwa Spoki akaisukuma ndani ya gurudumu la mbele. Spoki aliruka juu ya usukani, akatua kwa uso. Aliinuka bila meno ya mbele, akamrukia, akamng'ata mkono mpaka nyama ikabanduka.

"Miguu mizuri hii," sauti ya mzee ilisema kupitia kinywa kile. "Nitakanyagia pedali mpaka ikatike."

"Muache mdogo wangu! Nakuomba, muache!"

Kikacheka. Hapo muuguzi akaelewa kwamba kilichoingia na pumzi kitatoka na pumzi, naye hakuwa na mganga wala muda. Alimlalia, akakaba koo la mtoto aliyemlea tangu mama yao afe, akakaza huku akilia na kumwomba msamaha, huku kucha zikimchana mashavu na visigino vikichimba vumbi, mpaka ule upepo wa nyama iliyooza ukatoka puani ukifoka, miguu ikatulia, na kifua cha Spoki kikasimama.

"Hapana. Hapana, mdogo wangu."

Mikono yake ilijua kazi. Aliinua kidevu, akabana pua, akaweka mdomo juu ya mdomo kama alivyofanya wodini mara zisizo na hesabu. Akapuliza mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu kitu chenye joto kilipita kati ya meno yake, lakini papo hapo Spoki akakohoa, na furaha ikamsahaulisha yote.

"Dada," Spoki alisema. Macho yalikuwa yake. "Dada, nimekuumiza?"

Alimkumbatia. Akakaza. Ubavu mmoja wa Spoki ulialika, kisha wa pili, naye Spoki akaanza kulia. Muuguzi alitaka kwa roho yake yote kumwambia akimbie, lakini mdomo wake ulikuwa unacheka.