Mwezi Nyuma ya Kifuniko

Zuhura ndiyo iliyotangulia, nusu duara jeupe lisilo na waa. Ikafuata Mshtarii na mistari yake ya kahawia, imenyooka kama kanga iliyopigwa pasi. Ilipokuja Zohali na pete zake, watoto wakapiga kelele, maana hajazaliwa mtoto wa kuiona Zohali akanyamaza. Ilikuwa jioni ya mwezi mchanga, na watu wa Mwanza walikuwa wamejaa kwenye nyasi mbele ya ukuta-picha, ule ukuta unaowaka wenyewe na uliozidi urefu wa ghorofa zote za jirani. Walikuwa wakila sangara wa kukaanga na kubishana juu ya mpira. Ukweli ni kwamba watu wa mji ule walikuwa wamezizoea sayari kiasi kwamba wengine waliwaomba watangazaji wazipitishe haraka ili mechi irudi.

Lakini mwezi ulipotokea, hata wapenda mpira walinyamaza. Ulikuwa hilali nyembamba, na kwenye ile sehemu yenye giza ziliwaka taa sita za Kambi ya Mwezini. Watu kumi na tisa waliishi kule wakichimba barafu, na taa zile zilijengwa kubwa makusudi ili mtu yeyote duniani mwenye darubini ya mkononi aweze kuziona, ingawa tangu ukuta-picha uje hakuna tena aliyejisumbua kuangalia kwa darubini. Mama za wale kumi na tisa walikuwa na mahali pao pa mbele kabisa, na kila zilipoonekana taa, walipunga mikono. Walijua fika kwamba hawaonekani, lakini nani angewazuia?

Picha hizo zilitoka kwenye kituo kilichokuwa juu ya kilima nje ya jiji, na mpiga picha wake alikuwa Kulwa Malongo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, asiyependa kusemeshwa akiwa kazini. Mtu anayetaka kuipiga picha sayari akiwa duniani, adui yake wa kwanza ni hewa. Hewa haitulii. Inatetema kama ile inayopanda juu ya sufuria ya maji ya moto, na sayari nayo inatetema ndani yake. Wapiga picha wa zamani walikuwa wakipiga maelfu ya picha kwa dakika chache, wanatupa zilizotikisika, kisha wanazipanga zile tulivu moja juu ya nyingine mpaka itoke picha moja safi. Kamera ya Kulwa ilifanya yote hayo yenyewe, halafu ikaongeza la kwake. Pale ambapo vumbi au wingu limekula sehemu ya picha, ilikumbuka palikuwaje jana, ikapajaza.

Kazi hiyo ya kujaza ilifanywa na mtambo ulioitwa Mkamilishaji, na kwa kuwa ulikuwa na akili, watu walimwita kama wanavyomwita mtu. Aliyemuunda alikuwa mkurugenzi wa kituo, Dakta Nkwabi, mzee mpole mwenye sauti ya kuimba kwaya. Alipenda kuwaambia wageni, "Hapa kwetu mawingu yamestaafu."

Kulwa alikuwa anakunja nyaya zake pale roboti la kufagia, kijimashine cha kufuta vumbi kwenye vioo, lilipokuja kusimama miguuni pake.

"Samahani, dada Kulwa," likasema. "Leo nimeshindwa kufungua kifuniko cha darubini. Mota imekwama. Nifute vumbi juu ya kifuniko?"

"Leo saa ngapi?"

"Kabla ya picha za leo."

Kulwa akacheka. Akajisemea kuwa kiroboti nacho kimezeeka, hakijui leo wala jana. Hata hivyo akapanda ngazi akaangalie.

Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Chuma kizima, kipana kama sinia la pilau la harusi, kimeketi juu ya mdomo wa darubini na vumbi lake. Akaweka kiganja juu yake, akaona alama ya vidole vyake inabaki. Nyuma yake, kwenye skrini ya kituo, mwezi ulikuwa bado unang'aa, kila mlima mahali pake, na taa sita zinawaka.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia, na haikumwingia polepole. Kama kamera ilikuwa kipofu jioni nzima, ule mwezi uliopigiwa makofi umetoka wapi? Na wa jana je?

Akachukua spana, akafungua kifuniko kwa mkono. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aajiriwe. Alimzima Mkamilishaji upande wa picha. Mtambo ukamuuliza mara mbili kama ana hakika, naye akajibu ndiyo mara mbili, ya pili kwa kupiga kelele.

Picha iliyotoka ilikuwa mbaya. Ukingo wa mwezi ulichezacheza na rangi zilikuwa za majivu. Lakini ilikuwa picha ya kweli, na kwenye ile sehemu ya giza hapakuwa na kitu. Akapiga nyingine. Akapiga ya tatu. Akaacha kamera, akaenda kwenye darubini ndogo ya pembeni, ile ya kioo kitupu isiyo na akili yoyote, akaweka jicho. Giza.

"Doto," alisema kwa sauti, peke yake.

Doto alikuwa pacha wake, na ndiye fundi mkuu wa umeme wa kambi ile. Taa zikizimika, Doto ndiye wa kuziwasha. Kama hazijawashwa, basi Doto ameshindwa kuziwasha. Kulwa hakutaka kwenda mbele ya hapo, akakimbilia simu ya Mwezini. Hakuwa amempigia kwa wiki mbili kwa sababu ya pilikapilika za tamasha la sayari. Alikuwa anamwachia mama azungumze kwa niaba ya wote.

Simu ilipokelewa mara moja.

"Shikamoo, dada Kulwa," ikasema sauti ya Doto.

Akakaa sakafuni na simu yake.

Msomaji asiyetoka nyumba yenye mapacha huenda asione kosa. Kwa Wasukuma, Kulwa ni pacha anayetangulia kuzaliwa na Doto ni anayefuata, kwa hiyo Doto ni mdogo na shikamoo ni haki ya Kulwa. Ila Doto huyu tangu ajue kusema hakuwahi kuitoa. Alipigwa na baba, akanyimwa nyama sikukuu, akakataa katakata. Hoja yake ilikuwa moja, kwamba yeye ndiye bosi, alimtuma Kulwa atangulie kumwangalizia njia. Akipiga simu alianza na "Mjumbe wangu, habari?" Mama alikuwa amesema juzi tu, kwa furaha, "Siku hizi Doto ana adabu mwanangu, Mwezi umemfunza." Kulwa alicheka siku hiyo. Sasa hakucheka.

"Doto, taa zenu zinawaka?"

"Zinawaka vizuri. Huku tuko salama kabisa, msiwe na wasiwasi."

"Kati yangu mimi na wewe, nani mkubwa?"

"Wewe ndiye mkubwa, dada."

Akakata simu. Aliogopa kuendelea kuisikia, kwa sababu ilikuwa sauti ya Doto kabisa, mpaka kile kimafua chake.

Dakta Nkwabi alipoitwa alikuja na kandambili, akitafuna. Alisikiliza yote, akatabasamu kwa huruma.

"Mwanangu, kifuniko nakubali ni aibu yetu, tutairekebisha. Lakini kijana kukuamkia ndiyo ikutie kiwewe?" Akachukua simu, akapiga kambini mwenyewe, akaiweka waziwazi ili wote wasikie.

"Salama, Daktari," sauti ya Doto ikasema. "Hewa inatosha, umeme unatosha."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Sasa njoo uangalie kwa jicho lako."

Mzee akainama kwenye darubini ndogo. Alikaa pale muda mrefu, akalifuta jicho kwa shati, akaangalia tena. Alipoinuka hakumtazama Kulwa usoni.

"Tangu lini?" akauliza.

"Sijui. Mkamilishaji hatunzi picha mbichi, anazitupa. Na sauti je, Daktari? Kwenye sauti kuna nini?"

"Yeye huyo huyo." Sauti ya kwaya ilikuwa imekwisha. "Dhoruba za jua zilikuwa zinakata simu za Mwezini, familia zinalalamika. Nikamweka kwenye mawasiliano yote. Neno moja likipotea, ajaze neno moja."

"Na likipotea la pili?"

"Ajaze la pili."

"Na yakipotea yote?"

Dakta Nkwabi akakaa kwenye kiti. "Sikumwambia aishie wapi," akasema.

Waswahili husema funika kombe mwanaharamu apite. Mtambo ule ulikuwa umelifunika kombe kwa mapenzi mema kabisa, kila jioni, mbele ya jiji zima.

"Si kipo chombo cha uokoaji?" Kulwa akauliza.

"Kipo uwanja wa vyombo, kimejaa mafuta. Siku tatu tu kinafika."

"Kwa nini hakijaondoka?"

"Hakuna aliyekiomba. Ripoti zote zinasema kambi iko salama." Akaziba uso. "Ripoti nazo zinapita humo humo."

Ubao wa mawasiliano ulikuwa na vitaa vidogo vya kijani, kimoja kwa kila familia iliyokuwa ikiongea na mtu wake. Vitaa saba viliwaka. Cha tatu kilikuwa cha nyumbani kwao, na Kulwa akajua kwamba saa hiyo hiyo mama amekaa na simu sikioni, anaambiwa shikamoo, anaitika marahaba. Ili kujua kama wale watu wapo, ilibidi Mkamilishaji azimwe kwenye sauti pia.

"Tukimzima, na kule kukawa kimya?" Dakta Nkwabi aliuliza.

Kulwa aliwaza hilo hilo. Mtambo ukiwa unafanya kazi, Doto alikuwa na sauti angalau. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na kidole chake kilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili akafumba macho, akabonyeza.

Vitaa vyote saba vikazimika. Ukatoka mkwaruzo, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, ukaendelea. Dakta Nkwabi akaanza kusali kwa kunong'ona. Kulwa akamshika mkono anyamaze, kwa sababu chini ya ule mkwaruzo, mbali sana, palikuwa na mtu.

"...lwa? Wee Kulwa! Mbona umekatika?"

Doto alikuwepo. Redio yake ilikuwa dhaifu, ya akiba, na mtambo ulikuwa umeihesabu sauti yake kuwa ni uchafu, ukaisafisha ili ile nyingine isikike vizuri. Kulwa akalia kwa kelele kwa furaha. Furaha hiyo haikumaliza hata pumzi moja, kwa sababu sauti iliendelea.

"Ulikuwa unasema chombo kimeshauzunguka mwezi, halafu ukakatika. Kulwa, unanisikia? Tumefanya kama ulivyotuambia. Tumevaa suti za nje wote, tuko mlangoni. Tangi la mwisho tumelifungua tangu asubuhi, si ulisema tusibane hewa, mko karibu. Semeni basi, maana mwenzetu Ng'washi hali yake si nzuri."

Kulwa akamgeukia mkurugenzi wake. Ikamchukua muda kuelewa, na alipoelewa alitamani asingeelewa. Simu zina pande mbili. Kule juu nako kulikuwa na maneno yaliyopotea njiani, na kule nako yalijazwa. Watu wa kambi wameomba msaada, na Mkamilishaji, kwa sauti ya Kulwa, amewapa jibu ambalo mtu yeyote mwema angelitoa.

Dakta Nkwabi alikuwa tayari ameshika simu nyingine, anawapigia kelele watu wa uwanja wa vyombo, warushe, warushe sasa, karatasi atasaini yeye. Siku tatu. Kulwa akabonyeza kitufe cha kuongea.

"Doto, nisikilize. Yule hakuwa mimi. Ni mtambo. Mimi ndiyo kwanza naongea na wewe leo. Chombo hakijaondoka, ndiyo kinaondoka sasa hivi. Rudini ndani wote. Fungeni tangi, mlale chini, msiongee. Doto, rudini ndani!"

Maneno yalihitaji zaidi ya sekunde moja kufika Mwezini, na jibu zaidi ya sekunde moja kurudi. Walisubiri, wameinamia kile kipaza sauti. Kisha wakamsikia Doto anacheka, kicheko cha mtu aliyechoka sana, na nyuma yake wengine wawili watatu wakicheka naye.

"Acha utani, Kulwa," akasema. "Sema kinatua upande gani, tufungue mlango."