Bénie Aliyejua Kitabu Kizima

Kila siku saa tisa mchana, katika Kenya, komini (yaani wilaya) moja ya mji wa Lubumbashi, Kongo, majirani wa Mama Christiane walisikia habari za mchwa. Watake wasitake, walisikia. Binti yake Bénie, mwenye miaka kumi, alisimama katikati ya parseli, yaani kiwanja chenye nyumba zao, mikono nyuma, macho juu. Mama yake alikaa mbele yake akichambua sombe, majani ya muhogo, na kitabu kiko wazi juu ya magoti.

"Mchwa ni mdudu mdogo," Bénie alisema kwa sauti. "Mchwa anaishi katika kichuguu. Kichuguu ni nyumba..."

"Nyumba kubwa!" mama alikata. "Uliruka neno. Anza tena."

Bénie alianza tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa miezi mitatu. Hata mbuzi wa jirani, nadhani, alijua kwamba mchwa ana miguu sita.

Tusimcheke Mama Christiane. Yeye alifundishwa hivyo na mama yake: katekisimu, sala, litania, yote kwa kichwa. Tena alisoma katika darasa lenye kitabu kimoja kwa watoto ishirini. Ukikishika leo, lazima ukitie kichwani, maana kesho hukioni. Kwake yeye, kusoma kulikuwa kukariri. Na mtoto wake alikariri kuliko watoto wote wa mtaa.

Mwezi wa sita, wanafunzi wa mwaka wa nne walifanya mtihani wa kusoma. Watoto walipewa kile kile kitabu cha mchwa, maswali kumi, na muda wa nusu saa. Bénie alipata tatu kwa kumi.

Mama Christiane hakumaliza hata kufunga kitambaa vizuri kichwani. Alifika shuleni mbio, anamvuta Bénie kwa mkono.

"Madame Falonne! Huyu mutoto anajua kitabu yote kwa kichwa! Namna gani munamupa tatu?"

Madame Falonne, mwalimu wa mwaka wa nne, alikuwa mtu mpole. Alivuta viti viwili.

"Ikala kwanza, mama. Tumuulize pamoja. Bénie, malkia wa mchwa anataga mayai mangapi kwa siku moja?"

Bénie alifunga macho. "Mchwa ni mdudu mdogo. Mchwa anaishi katika kichuguu. Kichuguu ni nyumba kubwa..."

Madame alingoja. Mama alitikisa kichwa kwa furaha, maana hakuna neno lililorukwa. Bénie alipita ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Alisema kitabu chote mpaka mwisho. Kisha alifungua macho.

"Haiko mule, Madame."

Madame Falonne alifungua ukurasa wa saba. Palikuwa na picha kubwa ya malkia. Chini ya picha, kwa herufi ndogo, paliandikwa: *Malkia anaweza kutaga maelfu ya mayai kwa siku moja.*

"Lakini ile ni maneno ya picha," Bénie alisema. "Maneno ya picha tunairukaka."

"Ile njo shida, mama," Madame alisema. "Anajua kitabu, lakini hajui kutafuta ndani yake. Ukimuuliza kitu kimoja, anaanza ku mwanzo. Nusu saa inaisha yeye iko ku swali ya tatu."

Madame aliendelea kwa upole. Ijumaa ya wiki ijayo kulikuwa na repêchage, yaani mtihani wa pili kwa walioanguka. Akipita, Bénie ataingia mwaka wa tano. Asipopita, atarudia wa nne.

"Basi utupe kitabu, tuanze lelo lelo," mama alisema.

"Hapana, mama. Kitabu itakuwa mupya. Batoto bataiona siku ile ile."

Mama Christiane alirudisha mkono aliokuwa ameunyosha. Kitabu ambacho hujakiona, utakikariri vipi? Bénie alitazama chini. Aliona haya, na machozi yalimtoka. Rafiki yake Léa alikuwa amepita. Mwaka ujao Léa atakaa na wakubwa, yeye atabaki na wadogo.

Katika parseli yao alikaa Edouard, mzee aliyekuwa fundi wa gari-moshi kwa miaka thelathini. Watoto wote walimwita Nkambo, yaani babu. Alikuwa mkali wa maneno, lakini moyo wake haukuwa mkali. Siku hiyo alikuwa amefungua pompi ya maji ya parokia aliyoletewa kutengeneza, na maji ya kuijaribu yalikuwa yanavuja mpaka kwenye viatu vyake.

"Bénie! Kuya hapa. Lelo hatusikie mchwa. Banakufa?"

"Nilianguka, Nkambo."

"Namna gani? Na kelele yote ile?"

Bénie alimweleza. Mzee alisikiliza, akakuna kidevu. Kisha alimpa kitabu kinene cha ile pompi. Kilikuwa cha Kifaransa.

"Bon. Unisaidie. Pompi inavuja. Unitafutie fasi kitabu inasema juu ya kuvuja. Kwa Kifaransa ni *fuite*."

Bénie alifungua ukurasa wa kwanza. Alisimama wima, akaanza kusoma shukrani za mwanzo kwa mteja: "*Cher client, nous vous remercions...*"

"Unamushukuru nani?" mzee alipiga kelele. "Mayi inamwangika!"

Mama Christiane alikuwa mlangoni kwake. "Umuache, Papa Edouard. Pole pole ndiyo mwendo."

"Pole pole? Kurasa ni mia moja na kumi, Mama Bénie! Parokia itakunywa mayi mwaka gani?"

Alifuta mikono, akakaa juu ya ndoo. Akawaambia habari ya zamani. Alikuwa kijana, fundi mpya. Gari-moshi lao lilisimama porini, kati ya Luena na Kamina. Abiria walikuwa na kiu, watoto wanalia. Yeye alichukua kitabu cha mashine, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza. Mkubwa wake alikichukua mkononi mwake.

"Unajua alifungua wapi? Kwa orodha. Hakuangalia kitu ingine. Alisoma orodha, akaona namba, akaenda pale pale. Bantu balifika Kamina siku ile ile."

Kisha alimwonyesha Bénie ukurasa wenye orodha ndefu. "Angalia. Kwa Kifaransa banaiita *table des matières*. Katika vitabu vyenu vya Kiswahili inaandikwa *Yaliyomo*. Kila sehemu ya kitabu iko na jina yake, na kila jina iko na namba ya ukurasa. Sasa tafuta *fuite*."

Kidole cha Bénie kilishuka pole pole. Kikasimama. "*Fuites*, themanini na ine!"

"Uende."

Ukurasa wa themanini na nne ulikuwa na mchoro wa pompi. Kila kipande kilikuwa na mshale na namba. Chini ya mchoro, kila namba ilielezwa. Namba sita ilikuwa mpira mdogo wa mviringo. Bénie alisoma kwamba mpira huo ukikatika, maji yanavuja. Mzee aliingiza vidole ndani ya pompi, akatoa mpira. Ulikuwa umekatika.

"Aka!" Bénie alisema, akaanza kucheka. Hata dakika tatu hazikupita.

Mama Christiane hakucheka. "Na kurasa zote zile amezirukaje? Ile si uvivu?"

"Mama Bénie, weye unaimbaka ku korali?"

"Unajua vizuri."

"Dimanche, ku misa, bakisema wimbo mia mbili na kumi na ine, unaanzaka kuimba ku wimbo ya kwanza?"

"Mama wee! Tutatoka saa ngapi?"

"Na kama haujui namba?"

"Naangalia ku mwisho ya kitabu. Kule nyimbo zote zimepangwa kwa alfabeti. Naona jina, naona namba, naenda."

"Voilà!" Mzee alipiga goti lake. "Orodha ya mwisho kama ile inaitwa faharasa. Weye unaitumikishaka kila Dimanche, na mutoto yako unamukatalia!"

Mama Christiane alicheka kidogo. Halafu uso wake ukabadilika.

"Basi njo miye nilimuangusha," alisema. "Miezi tatu namupigia kelele."

"Hapana, mama. Haukujua," mzee alisema. "Litania ni ya kukariri. Kitabu ya mchwa ni ya kuuliza. Weye unajua kuuliza. Kaa naye."

Na Mama Christiane, akishika jambo, haliachi. Kesho yake saa tisa mchana majirani walisikia mambo mengine kabisa.

"Kabla ya kusoma, tembea ndani ya kitabu! Kinaitwaje? Yaliyomo yanasema nini? Picha zinaonyesha nini? Usiruke maneno ya picha!"

Vitabu walivyokuwa navyo vilikuwa vichache. Walitumia kitabu cha zamani cha jiografia, kijitabu cha afya kilichotolewa na kituo cha afya, hata karatasi iliyokuwa ndani ya boksi la dawa. Mama aliuliza, Bénie alitafuta, na simu ilihesabu dakika. Waligundua mambo. Maneno fulani yalichapwa kwa wino mzito. Mwanzoni Bénie alidhani mashine iliharibika. Kisha aliona maana za maneno hayo yameandikwa kwenye ukurasa wa mwisho. Waligundua pia kwamba maneno yaliyofungwa ndani ya kisanduku ni maonyo au mambo ya kushangaza, na kwamba mara nyingi jibu hujificha humo.

Lakini siku ya Jumanne Bénie alizidisha. Mama aliuliza, "Maji yachemke kwa muda gani?" Bénie alipata kichwa cha sehemu, *Kuchemsha maji*, akafunga kitabu haraka.

"Jibu ni kuchemsha maji!"

"Nimeuliza muda gani."

"Kichwa hakisemi, mama."

Nkambo Edouard alisikia. "Eh, Bénie! Umefika ku mulango ya bantu, umepiga hodi, halafu unarudia kwenu? Kichwa ni mlango tu. Ukiisha kuupata, uingie. Mule ndani sasa soma kila neno, pole pole, kama mama yako anavyopenda."

Mama Christiane alijibu, "Unasikia? Hata pole pole yangu iko na fasi yake." Wote watatu wakacheka. Bénie alifungua tena, akaingia ndani ya sehemu ile, akapata jibu katika mstari wa nne.

Ijumaa ilifika. Asubuhi ilikuwa na baridi, kama asubuhi zetu zote za wakati huo. Watoto kumi na wawili waliingia darasani. Wazazi walibaki nje. Mama Christiane alisimama karibu na dirisha, amejifunga vitenge viwili. Simu yake ililia. Alikuwa mume wake Ephraïm, dereva wa lori, aliyekuwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tangu juzi. Hakuipokea. Macho yake yalikuwa ndani.

Madame Falonne aligawa kijitabu kipya. Kilikuwa cha nyuki. Mara moja midomo ya watoto ikaanza kutembea: walikuwa wanasoma mstari wa kwanza. Midomo ya Bénie haikutembea. Yeye alisoma maswali, akafungua mwanzo wa kitabu, akaruka katikati, akaandika. Akaenda mwisho kabisa. Akarudi. Akageuza ukurasa huu, akageuza ule. Tena akarudi mwisho. Kisha akaacha kuandika, akatazama dari.

Amepotea, Mama Christiane aliwaza. Mtoto wangu amepotea ndani ya kitabu. Angekuwa anakariri, angalau angekuwa na kitu kichwani. Alitaka kumwita. Alijiziba mdomo kwa kitenge.

Bénie aliinamisha kichwa tena. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha aliweka kalamu chini. Watoto wengine walikuwa bado wanasoma.

Saa nne na nusu Madame Falonne alitoka na karatasi mkononi. Alimwita Mama Christiane na Bénie pembeni.

"Nane kwa kumi," alisema. "Amepita. Anaingia mwaka wa tano."

Mama Christiane alimkumbatia Bénie mpaka mtoto akakosa pumzi. "Aksanti Mungu! Aksanti, Madame!"

"Nataka usome jibu yake ya kumi, mama. Ile swali hakuna mutoto mwingine alijibu vizuri."

Swali la kumi lilisema: *Moja kati ya maswali tisa ya juu halina jibu katika kitabu hiki. Ni lipi? Umejuaje?*

Mama Christiane alisoma kwa sauti maandishi ya binti yake:

"*Ni swali la saba: Nyuki wanalala saa ngapi? Niliangalia Yaliyomo, halimo. Niliangalia faharasa, nilitafuta kulala na nilitafuta usingizi, halimo. Nilisoma maneno ya picha zote na visanduku vyote, halimo. Kitabu hiki hakijui.*"

"Batoto wengine, ku swali ya saba baliandika *usiku*," Madame alisema. "Balibahatisha tu."

Mama Christiane alisoma jibu lile mara ya pili, kimya. Yeye alizoea mtoto anayejua kitabu kinasema nini. Huyu alikishika nusu saa tu, na alijua pia kile ambacho hakisemi. Macho yake yalijaa machozi, na hakuyaficha.

"Sasa, Bénie," aliuliza mwishowe, "nyuki banalalaka saa ngapi?"

"Sijui, mama. Tutafute kitabu ingine."

Mama akamgeukia Madame Falonne, akamuuliza kama anacho.