Kiu ya Binti wa Dobi

Kila asubuhi dobi alianza na shuka za binti yake, ndipo afue za wateja. Binti alikuwa na miaka tisa. Alikunywa maji kutwa kucha, na kila siku aliamka kitanda kimelowa.

"Unakunywa kama mchanga!" dobi alifoka siku moja. "Leo hugusi maji mpaka kesho." Akalifunga pipa kwa kufuli.

Saa nane mchana alimkuta mtoto amepiga magoti kando ya beseni, anakunywa maji ya povu. Midomo imekauka, macho yameingia ndani.

"Baba, nisamehe," alisema, kisha akalegea.

Dobi alimbeba mbio hadi hospitali. Dada yake dobi alifanya kazi katika maabara ya hapo. Mtoto aliwekewa dripu, akapimwa damu na mkojo. Sukari ilikuwa sawa. Mkojo ulikuwa mweupe kama maji ya bomba.

Siku ya pili, baada ya vipimo vingine, dada alimwita dobi.

"Si ukaidi, mdogo wangu. Anakunywa kwa sababu maji yanamtoka."

"Yanamtokaje?"

"Ubongo hutuma homoni kwenye figo, ili figo zirudishe maji mwilini. Homoni hiyo haiingii ndani ya chembe hai za figo, yaani seli. Hubisha mlangoni tu. Ndani yupo mjumbe mdogo anayepokea habari hiyo, anaitwa saiklik AMP. Mjumbe huyo huamsha protini. Protini hizo hufungua vijia vya maji, tena huchochea jeni ili vijia vipya vitengenezwe."

"Na kwa mwanangu?"

"Homoni haitoshi. Mjumbe hapati habari, vijia vinabaki vimefungwa, maji yanapita tu. Daktari amempa dawa inayofanya kazi ya homoni hiyo, na mkojo umeanza kukolea. Maana yake chembe zake ni nzima. Zilikosa amri."

Dobi aliinamisha kichwa. "Na mimi nikamfungia maji."

Dada alimshika bega. "Ungeweza kumpoteza. Mtoto anayekunywa na kukojoa kupita kiasi hapigwi, wala hanyimwi maji. Huletwa apimwe."

Binti alirudi nyumbani na vidonge. Alivimeza kama daktari alivyoagiza, akaanza kunenepa, akalala usingizi mzuri. Lakini kwa miezi mingi aliendelea kuomba ruhusa kila aliposhika kikombe. Na kila mara dobi aliacha kazi, akafuta mikono, akamtazama usoni.

"Kunywa, mama," alimwambia. "Kunywa kiu yako iishe."