Mpishi Aliyekatazwa Kamba

Watu hawaendi soko la samaki kutafuta wachumba. Wanakwenda na viatu vibovu, wanagombania samaki wabichi, wanaondoka mbio kabla barafu haijayeyuka. Ndiyo maana yule kijana wa shati jeupe na raba nyeupe pee alionekana tangu mlangoni. Sakafu ilijaa maji na magamba, naye alitembea kwa ncha za vidole kama mtu anayepita sebuleni kwa watu waliolala.

Alikuwa mpishi wa hoteli moja kubwa upande wa pili wa mji. Mnunuzi wao alikuwa anaumwa, akatumwa yeye. Alisimama mbele ya meza ya mwisho, akaokota kamba mmoja mnene, akamsogeza puani na kufumba macho.

"Unanunua au unambusu?"

Alipofumbua macho alimwona msichana mrefu, mwembamba, amefunga aproni ya plastiki juu ya gauni la maua ya njano, nywele kazibana kwa kitambaa cha rangi hiyo hiyo. Soko zima lilimwita Sindano, kwa ajili ya umbo lake na kwa ajili ya mdomo wake. Nyuma yake mama yake alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamenya kamba bila hata kutazama mikono.

"Namwuliza amevuliwa lini," mpishi akasema.

"Amekujibu?"

"Amesema alfajiri."

"Basi ni mkweli. Huko kwenu mnawapikaje?"

"Nawamenya, natoa ule uzi wa mgongoni, nawatia kwenye siagi na kitunguu saumu. Wakijikunja tu, nawaepua."

"Na vichwa?"

"Natupa."

Sindano akageuka. "Mama, umemsikia huyu? Anatupa vichwa."

"Mwache, mwanangu," mama akasema. "Huenda hakulelewa na mtu."

Meza za jirani zikaangua kicheko. Mpishi naye akacheka, masikio yakamwiva. "Haya, nifundisheni."

"Kikaango kikavu, moto mkali, chumvi ya mawe. Kamba mzima na ganda lake. Usitie maji, usitie mafuta. Ganda likiiva na kuanza kunukia, kamulia ndimu. Unakula kwa mikono, na kichwa unakinyonya. Utamu wote umo humo. Wewe wageni wako unawalisha mwili, roho unatupa jalalani."

"Hilo nitaliamini nikilionja."

"Jumapili siuzi," Sindano akasema, kisha akainama kupanga barafu ambayo haikuhitaji kupangwa. Hakuwa amepanga kusema vile.

Jumapili wakapika. Mpishi alikuwa na chumba kimoja ghorofani, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na jiko dogo la gesi juu ya kabati. Wakakaanga nusu kwa njia ya mpishi na nusu kwa njia ya Sindano. Wakala mpaka videvu vikang'aa. Mpishi akakubali habari ya vichwa. Sindano akakubali siagi, lakini kidogo, alisema, mpishi asije akavimba kichwa. Na tangu hapo Jumapili zote zikawa zao, na siku zisizo Jumapili zikawa za simu.

"Shefu, nimeletewa pweza. Unampikaje?"

"Sufuria kavu, funika, moto mdogo. Maji yake mwenyewe yanamtosha."

"Humpigi kwanza?"

"Kwani amekosa nini?"

"Atakuwa mgumu kama roho yako."

"Roho yangu laini, mpenzi. Ni wewe tu hujaichemsha."

"Kata simu, nina wateja."

"Kata wewe."

Hakukata mtu. Wateja wakasubiri, na mama akawahudumia huku ananung'unika kwa furaha.

Kitu kimoja Sindano alikuwa hajamwambia, akamwambia siku walipokuwa wanapasua kaa kwa mpini wa kisu. Aliwahi kuchumbiwa na karani mmoja. Siku ya sherehe kwa akina karani, yule bwana aliziba pua mbele ya rafiki zake na kuwaambia mchumba wake amekuja na soko zima. Tangu siku ile Sindano hakuenda kuonana na mtu bila kujisugua kwa ndimu na chumvi mpaka kucha zikamchoma.

Mpishi aliweka kisu chini. Akamshika mikono yote miwili, akainusa. "Nikiikosa harufu hii, nitajua nimepotea," akasema.

Alikuwa anasema kweli. Ubaya wa kisa hiki ndio huo, kwamba hakuna aliyekuwa mwongo kwa kutaka.

Ilianza kwa macho kuwasha. Kisha jikoni hotelini, kila sufuria kubwa ya kamba ilipofunuliwa, kifua chake kilianza kupiga mluzi. Alidhani ni mafua. Midomo ilipovimba kama ya mtu aliyeng'atwa na nyuki, akaenda kwa daktari, mama mmoja wa miwani aliyezungumza taratibu.

"Mwili wako umewakataa kamba. Na kaa pia, na jamaa zao wote wa maganda."

"Daktari, nimewala tangu utotoni."

"Hutokea, hasa kwa wanaoshinda nao. Na si kula tu. Mvuke wao, maji yao, hata nguo za mtu aliyetoka kuwamenya."

"Dawa ipo?"

"Ya kutuliza, ipo. Ya kuponya, hakuna. Kaa nao mbali. Siku moja kifua kitafunga kisifunguke."

Mtu mwenye akili zake angetoka pale moja kwa moja hadi sokoni kumweleza mpenzi wake. Lakini mpenzi wake ndiye aliyekuwa anamenya hao kamba, tangu asubuhi hadi jioni, na ndio waliomlisha yeye na mama yake. Mpishi akakosa pa kuanzia. Akajitia hamnazo. Akaanza kusema ameshiba, ameshakula kazini, tumbo halimkai vizuri. Akawa anakaa karibu na dirisha. Sindano akimsogezea uso, anamgeuzia shavu. Sindano aliyaona yote hayo na akanyamaza, na kunyamaza kwake si kuzuri kwa mtu yeyote.

Alasiri moja alipanda ngazi mbio, hakupitia hata nyumbani, aproni bado kiunoni. Mama yake alikuwa amekubali kuonana na wazee wa mpishi kuhusu posa. Alifungua mlango akamrukia kwa mikono miwili. Mpishi akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga dirisha.

"Usinisogelee," akasema, pumzi zimembana. "Kaoge kwanza."

Sindano akasimama. Akainua mikono yake, akainusa polepole, mbele yake.

"Hata wewe," akasema.

Akashuka ngazi bila kufunga mlango.

Mpishi alimpigia Sindano simu wiki nzima, haikupokelewa. Mwishowe mama ndiye aliyempigia, kwa simu yake.

"Mwanangu, mmegombana nini?"

"Ni makosa yangu, mama."

"Sikuuliza ya nani. Njoo Jumapili ule kwetu. Nimechoka kukaa na mtu aliyenuna, hata paka amehama."

Angesema hapana. Angesema kwa nini hapana, pale pale kwenye simu, na mambo yangenyooka. Badala yake alimeza vidonge viwili, akavaa shati lililopigwa pasi vizuri, akaenda. Alijiambia atamweleza Sindano uso kwa uso, kabla ya chakula.

Mama aliishi katika vyumba viwili vyenye ua mdogo, na uani ndimo walimochemshia kamba wa kuuza jioni. Harufu ilimpokea mpishi tangu barabarani. Sindano alikuwa ameketi mezani, gauni jeusi limebana shingo, macho yakiwa ukutani. Mama akaleta sufuria mwenyewe, amejawa na furaha, akaiweka mbele ya mgeni.

"Nimepika kwa njia zenu zote mbili," akasema, na kufunua kifuniko.

Mvuke ukampiga usoni. Alitaka kusema asante. Akaweka mkono mdomoni.

"Mwone," Sindano akasema. "Mwone, mama. Hata leo anaziba pua."

Kisha kiti kikaanguka, na mpishi akaanguka nacho.

Hospitalini walimweka kinyago cha hewa. Daktari wa miwani akamweleza Sindano mambo yote pale koridoni, taratibu kama kawaida yake.  Sindano alikwenda bombani akajiosha hadi mabegani, akaazima gauni la wagonjwa kwa muuguzi, ndipo akaingia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mpishi akashusha kinyago. "Nikwambie nini? Kwamba unaniua?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo, kwa maneno hayo."

"Niliona haya. Mpishi gani anakatazwa kamba?"

"Mimi nikakufanya sawa na karani." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, aliogopa kugusa uso wake na kisha kumgusa yeye. "Nilikutukana mpaka usingizini, unajua?"

"Nataka nikuoe."

"Kwa pumzi gani, Shefu?"

"Hizi hizi zilizobaki."

Sindano akacheka huku analia. "Sawa. Naacha soko."

Na kweli aliacha. Akapata kazi kwenye duka la mapazia. Mpishi naye akaacha hoteli, akaajiriwa katika duka la mikate, akawa anarudi nyumbani mweupe wa unga. Kwa muda walikuwa na raha. Walizungumza habari ya samaki kwa maneno matupu, kama watu wanaozungumza habari ya nchi waliyohama: vipi unakata ngisi ili asiwe mpira, ndimu inatiwa mwanzo au mwisho. Mama alipokuja kupanga habari za harusi, alikataa kuvuka kizingiti. Alisimama ngazini na nguo zake za sokoni akataja kwa kelele tarehe na idadi ya wageni, majirani wakafungua milango wakidhani kuna ugomvi.

Walicheka siku hiyo. Lakini Sindano aliiona mikono ya mama yake juu ya ile reli ya ngazi. Miaka ya barafu ilikuwa imeimaliza. Vidole vilivimba, havikunjiki, na bila binti yake ndoo nzima ilikuwa inamshinda kumenya. Wateja walikuwa wameanza kuhamia meza za wengine. Mama hakusema neno juu ya hayo, alisema tu kwamba biashara mwezi huu imelala.

Basi Sindano akaanza kwenda sokoni kila asubuhi kabla ya duka la mapazia. Safari hii mficha alikuwa yeye. Aliacha nguo za sokoni kwa jirani, akajisugua, akaosha nywele, akapaka mafuta ya harufu kali, na jioni akaenda kwa mpenzi wake. Mpishi alikohoa akasema chai imempalia. Kesho yake chai ikampalia tena. Alijua. Alikinusa kile alichokizoea chini ya mafuta yale, akajua, na hakutaka kumwambia kwa sababu angemwondoa kwa mama yake. Kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake kwa mapenzi, hadi siku mpishi alipozidiwa ngazini na majirani wakambeba.

Alipotoka hospitali mara hii, Sindano hakuja kumchukua.

Alimpigia simu siku kadhaa baadaye, mchana, mpishi akiwa kazini anatoa mikate.

"Uko wapi?" mpishi akauliza haraka.

"Hapa nje. Ng'ambo ya barabara."

Mpishi akatazama nje kupitia kioo cha duka. Sindano alikuwa kasimama mbele ya duka lililofungwa, na ile aproni ya plastiki, bado inachuruzika.

"Vuka basi."

"Nimetoka kumenya. Nimemenya tangu asubuhi. Nilitaka unione nilivyo, nisikudanganye tena."

"Tuhame. Twende bara, mbali na bahari. Mikate inaokwa kila mahali."

"Na mama?"

"Twende naye."

"Nimemwuliza. Amekubali." Sindano akafuta mkono kwenye aproni. "Amekubali upesi, akaanza kufungasha vyombo, amenipa mgongo ili nisimwone. Shefu, amekaa kwenye meza ile kabla mimi sijazaliwa. Wanaomjua wote wako pale. Nikimtoa, nitakuwa namzika mwenyewe."

"Na ukimwacha?"

"Nikimwacha nitakuja kwako, na kila siku nitakutazama nikifikiria mikono yake. Mwisho nitakuchukia. Sitaki kukuchukia."

"Kuna dawa. Nitakunywa."

"Umezinywa."

 Nyuma ya mpishi mtu alikuwa anamwita kuhusu mikate, akamfanyia ishara ya kungoja.

"Leo mmepata nini?" akauliza, kwa sababu hakutaka simu ikatike.

"Kamba. Wakubwa, wale unaowapenda."

"Umekula?"

"Sijawala tangu siku ile kwa mama. Nikiweka mdomoni nakusikia unavyovuta pumzi. Nawauza tu."

Mpishi akasukuma mlango akatoka, unga umempanda hadi viwikoni, simu bado iko sikioni. Akashuka ukingo wa barabara. Sindano akarudi hatua moja. Mpishi akaja mbele, naye akarudi tena.

"Simama basi, mpenzi. Nikuone tu."

"Rudi ndani. Upepo unakuja kwako."

Hakurudi ndani. Alikuja polepole katikati ya barabara, gari zikampigia honi, na Sindano akazidi kurudi kinyumenyume, anamtazama, mkono mmoja ameunyoosha mbele kumzuia. Alikwenda hivyo mpaka kona. Hapo akakata simu, akageuka, akaelekea sokoni kwa hatua za haraka, maana mama yake alikuwa peke yake mezani na wateja wa mchana walikuwa wameshaanza kufika.