Tundu la Tatu Halikuwa na Waya

Haya yalitokea nyumbani kwa dada yangu, nami nilikuwepo, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ni porojo.

Ilikuwa Jumamosi, mchana mweupe. Dada alikuwa anapiga pasi sebuleni. Shemeji, mume wake wa pili, fundi wa mitandao, alikuwa ameinamia kompyuta ndogo ya Linux aliyoiweka iwe mlinzi wa mtandao wa nyumba. Ina matundu matatu ya waya: la kwanza linapokea mtandao kutoka nje, la pili linauingiza ndani, la tatu halijawahi kuchomekwa kitu.

Shemeji ana wivu, jamani! Anaionea wivu hata redio ikimchekesha mkewe. Na siku hizo simu ya dada ilikuwa haiishi kulia. Dada anasoma ujumbe, anatabasamu peke yake. Akiulizwa, hakuna kitu. Roho ya shemeji ilikuwa inaungua.

"Leo nitajua huyo mwanamume anaingilia wapi," alininong'oneza. Akaandika kanuni: kila pakiti ya data, yaani kila kipande cha ujumbe, inayokwenda kwenye simu ya dada, mashine ioneshe imeingia kwa tundu lipi.

Simu ikalia. Dada akatabasamu. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea: tundu la tatu.

Tukachungulia nyuma ya mashine. Hakuna waya. Vumbi tupu. Lakini kitaa chake cha kijani kilikuwa kinawaka na kuzima.

Nikamwambia tuizime. Wapi! Wivu ulishamziba macho. Akaandika kanuni nyingine: chochote kinachoingia kwa tundu la tatu, kitupwe.

"Kwisha habari yake," akasema.

Simu ikanyamaza. Dada akaitazama. Akaandika. Akangoja. Akaandika tena. Uso ukamsawajika hadi nikamhurumia.

"Unamwandikia nani?" shemeji akauliza.

"Mume wangu."

"Mume wako ni mimi!"

"Wa kwanza," dada akanong'ona.

Huyo tulimzika. Mimi ndiye niliyemshika dada mkono pale kaburini.

Shemeji akageukia kioo. Akasoma tena alichoandika. Kanuni yake ilitazama tu kinachoingia kwa tundu lile. Kinachotoka hakukifunga. Maneno yote ya mkewe yalikuwa yamefika.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba simpati tena. Kwamba anifuate."

Mlango ukagongwa. Taratibu, kwa kucha, kama marehemu alivyozoea.

"Usifungue," shemeji akasema. Alimshika mkono. Dada akajitoa, bila hasira. Akafungua. Akatoka.

Tulikimbia nyuma yake. Barabara nyeupe kwa jua. Hakuna mtu. Mpaka leo hajaonekana.

Mashine tuliing'oa umeme siku ile ile, tukang'oa na waya zote. Iko juu ya kabati. Kitaa cha tundu la tatu bado kinawaka na kuzima.

Shemeji hukaa kukikodolea macho. Majuzi nilimpelekea chakula, hata hakugeuka.

"Hebu ona walivyochangamka," akaninong'oneza. "Wanaongea nini hao wawili?"